Jiwe Ndani ya Birika: Safari ya Nachingwea na Ruangwa

Mtu aweza kusafiri kwa kutafuta jambo moja akarudi na jingine. Mimi nalitoka parokiani kwetu kwa shughuli mbili ndogo za ofisi. Ya kwanza ni kupeleka birika la umeme kwa fundi wa Nachingwea. Ya pili ni kunakili habari za ubatizo wa kijana mmoja huko Ruangwa, maana alitaka kufunga ndoa na cheti chake kilipotea. Nalirudi na habari za ubatizo, na birika halikutengenezeka. Lakini nalirudi pia na somo ambalo lilinitia haya, nami naona yafaa niwasimulie, kwa maana katika nyumba nyingi kosa kama langu latendeka kila siku.

Parokia yetu iko kijijini, kati ya miji hiyo miwili. Maji yetu ni ya kisima kirefu, yanavutwa kwa pampu mpaka kwenye tangi, na kutoka tangi yanashuka kwa bomba. Ni maji maangavu, wala hayana harufu. Umeme nao ulipofika, nyumba ya mapadre ilipewa birika la umeme na mtu mwenye mapenzi mema. Tulilifurahia sana. Lakini halikumaliza miezi saba, likafa. Tukanunua la pili, nalo likafa.

Mpishi wetu ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nilimwita ofisini nikamwambia, "Mzee, birika hili umelichemsha bila maji." Akanijibu kwa upole, "Hapana, mwanangu. Mimi napika tangu hujazaliwa. Sijapata kuchemsha chombo kikavu." Mimi sikusadiki. Nilifungua daftari la mishahara, nikaandika bei ya birika mbele ya jina lake, ikatwe kwa miezi mitatu. Yeye akainama, akatoka bila neno. Kesho yake nalipanda gari kwenda Nachingwea, na birika limo kikapuni.

MJI WA NACHINGWEA

Anayefika Nachingwea mara ya kwanza hustaajabu kuona njia pana zilizonyooka na miti mikubwa kando yake. Mji huu haukukua kidogo kidogo kama miji mingine. Ulitokana na ule mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, ambao ulilimwa Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Matrekta yalikuja kwa mamia, msitu ukafyekwa, na reli ikajengwa kutoka pwani. Karanga hazikutoka kama walivyotazamia, na mwaka 1951 mpango ulikoma. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Lakini kata moja ya mji bado inaitwa Stesheni, ingawa hakuna treni inayosimama pale tena.

Fundi niliyemwendea ana kibanda chake chini ya mwembe. Mezani pake palijaa pasi, redio, feni na mabirika. Nikamwambia, "Fundi, mpishi wetu ameliunguza." Yeye akacheka, akachukua bisibisi, akalifungua. Kisha akanionyesha ndani. Sehemu ya chini yote ilifunikwa na ganda jeupe la kijivujivu, nene kama ganda la yai la bata. Akaligonga kwa ncha ya bisibisi, likamegeka likaanguka juu ya meza, likalia kama kigae.

"Karani," akasema, "hili halikuunguzwa na mtu. Limeuawa na jiwe. Koili inatoa moto, lakini moto haupiti kwenda kwenye maji, kwa sababu jiwe limekaa katikati. Basi moto unabaki kwenye koili yenyewe mpaka inakatika. Mabirika ya namna hii naletewa kila wiki, na wote wanaoleta wanasema kama ulivyosema wewe: mke wangu ameliunguza, msichana wa kazi ameliunguza."

Wasomaji, nalinyamaza kimya. Nilikumbuka lile daftari.

Fundi akaendelea kunionyesha vitu vingine. Hapa pasi ya mvuke, vitundu vyake vimezibwa na unga mweupe. Pale koki ya bomba, haifungi tena, kwa maana ukoko umekaa mahali pa mpira. Kichwa cha bomba la kuogea, kati ya matundu mengi ni machache tu yaliyo wazi. Akasema kwamba hata mainjini ya treni za moshi, popote duniani, yalikuwa na ugonjwa huu huu. Ilikuwa lazima matangi yao yafunguliwe na kusafishwa mara kwa mara, la sivyo mabomba hujaa mawe na kupasuka. Ugonjwa si mpya, basi. Zamani ulikuwa stesheni, sasa umeingia jikoni.

JIWE LATOKA WAPI

Mtu atauliza, maji maangavu yawezaje kuzaa jiwe? Jambo hili si gumu kulielewa. Mvua inapoanguka haina madini. Ikipita hewani na katika udongo huchukua hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa tunapopumua, ikawa na ukali kidogo sana, ambao ulimi hauuonji. Maji hayo yakizama ardhini na kukutana na mawe yenye chokaa, huyayeyusha pole pole, kama sukari inavyoyeyuka katika chai, ingawa kwa miaka mingi. Basi maji yanayotoka kisimani yamebeba chokaa isiyoonekana, na mara nyingi madini mengine yaitwayo magnesi. Hayo ndiyo yaitwayo maji magumu.

Ukiyachemsha, ile hewa hutoka. Chokaa haiwezi tena kubaki imeyeyuka, bali hugeuka jiwe tena na kushika mahali palipo na moto zaidi, yaani chini ya birika. Kila chai unayopika huacha ngozi nyembamba. Ngozi mia mbili ni jiwe.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za chokaa katika lita moja ya maji. Chini ya 60 maji ni laini. Yakipita 180 ni magumu sana. Tena tusichanganye ugumu na chumvi. Maji ya chumvi ulimi huyatambua. Maji magumu yaweza kuwa matamu kabisa kinywani, na huku yanaharibu vyombo.

Fundi akanifundisha kipimo kisicho na gharama. Chukua chupa safi, tia maji nusu, tia vipande vidogo vya sabuni ya mche, funga, tikisa kwa nguvu. Maji laini hutoa povu jingi linalokaa. Maji magumu hutoa povu haba, na maji yenyewe huwa kama maziwa yaliyoganda, yenye chembe chembe. Usitumie sabuni ya unga ya dukani, kwa kuwa hiyo imetengenezwa ili itoe povu hata katika maji magumu, nayo itakudanganya. Tulijaribu maji ya bomba la jirani yake. Povu lilijaa chupa. Akaniambia, "Haya ni ya Mbwinji."

Chemchemi ya Mbwinji inalisha miji ya Masasi na Nachingwea. Chemchemi za upande ule hutoka chini ya uwanda wa Makonde. Juu ya uwanda mvua huzama upesi katika mchanga, ndiyo maana watu wa juu kule waliteseka kwa kiu miaka mingi. Kisha maji huchomoza chini, penye miteremko. Maji yaliyopita katika mchanga hayakukutana na chokaa nyingi, hivyo hayana mzigo mkubwa. Lakini tusiseme kwamba maji ya Nachingwea yote ni laini. Bomba moja laweza kuwa la chemchemi, na kisima cha nyumba ya pili kikawa na habari nyingine.

NJIANI KWENDA RUANGWA

Asubuhi nalipanda gari la Ruangwa. Njia inapita katikati ya mikorosho na mashamba ya ufuta na mbaazi, na vilima vya mawe vinaonekana huku na huku. Nchi hii ni ya miamba ya kale sana, sehemu ya ule mkanda wa miamba unaotoka Kenya, ukapita Tanzania mpaka Msumbiji. Katika mkanda huo mna madini ya kila namna. Ruangwa yajulikana kwa madini ya kinywe, yale meusi yanayotumika katika penseli na betri, na kwa dhahabu. Ndani ya miamba ya namna hii mna pia marumaru, na marumaru si kitu kingine ila chokaa iliyokazwa kwa joto na uzito wa ardhi. Maji yanayokaa katika nyufa za miamba kama hii kwa miaka mingi hayawezi kutoka mikono mitupu.

Visima virefu katika mikoa ya Lindi na Mtwara si vya jana. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchi ya Finland ilisaidia sana kuvichimba na kuvitia pampu za mkono. Viliokoa watu na kinyesi cha madimbwi na kipindupindu, wala hatuwezi kuvidharau kwa sababu ya birika. Kina mama waliotembea saa nyingi kutafuta maji hawakuuliza kama ni magumu au laini. Swali la ugumu ni swali la mtu ambaye amekwisha kupata maji.

Ruangwa nilipokelewa na rafiki yangu, mwalimu tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Nyumbani kwake yupo mama yake mzazi, na mkewe ambaye ni kijana wa Ndanda. Baada ya salamu na "Tumsifu Yesu Kristo," tukaketi kungojea chakula. Tulingoja sana. Mbaazi zilikuwa motoni tangu mchana, nazo zilikuwa bado ngumu kama changarawe.

Mama yule akaguna, akaniambia, "Mwanangu, utatusamehe. Huyu mkwe wangu bado hajajua kupika. Mbaazi zake haziivi, kuni zinakwisha. Tena sabuni ya mche mmoja haimalizi juma, na shati za mumewe zimekuwa za kijivu. Sijui kwao walimfunza nini." Binti yule alikuwa mlangoni, na bakuli mkononi. Alisikia yote. Akatazama chini, akarudi jikoni.

Nalimwona mpishi wetu katika uso wake.

Nikaomba chupa mbili na kipande cha sabuni. Katika chupa ya kwanza nikatia maji ya kisima chao. Katika ya pili nikatia maji ya mvua yaliyosalia katika pipa chini ya bati. Nikampa mama atikise mwenyewe. Ile ya mvua ikajaa povu mpaka mdomoni. Ile ya kisima ikawa na chembe chembe nyeupe na povu kidogo lililokufa mara. Mama akazitazama sana. Nikamwambia, "Shikamoo mama, nisamehe kwa kusema mbele ya mkubwa. Sabuni haiibwi na mkweo. Inaliwa na maji. Kwanza sabuni hushikana na chokaa, na zile chembe ndizo zinazobaki katika shati na kuifanya ya kijivu. Mpaka chokaa yote ishibe, ndipo povu linatoka. Na mbaazi ni vivyo hivyo: chokaa hukaza ganda lake zisilainike upesi."

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi mwenyewe nilipokuja katika kijiji hiki kuolewa, mama mkwe wangu alinisema hivi hivi. Nilidhani mkono wangu ni mbaya. Nilipozoea magadi, nikasahau." Akainuka, akaenda jikoni. Sikusikia waliyosema huko, lakini nalisikia kicheko cha watu wawili.

Kesho yake, baada ya kunakili ubatizo wa yule kijana, nalipita kwa mwenye mashine ya kusaga. Injini yake ya dizeli inapozwa kwa maji ya pipa. Alilalamika kwamba inachemka upesi kuliko zamani na imemgharimu mafundi watatu. Nalimwomba afungue bomba la maji ya kupoza. Tundu ambalo kidole gumba kilikuwa kikipita, sasa kidole cha mwisho hakipiti. Jiwe lile lile.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Basi tufanye nini? Tusiyaogope maji yetu. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Chokaa na magnesi ni katika vitu ambavyo mwili unavihitaji. Maji yenye floraidi, kama yale ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro yanayoharibu meno na mifupa, ni jambo jingine, wala hayapimwi kwa sabuni. Tena maji magumu yaweza kuwa na vijidudu kama maji mengine. Hivyo kuchemsha maji ya kunywa tusikuache kwa kuogopa ukoko.

Kwanza, tukinge mvua. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba yenye bati la meta 8 kwa 6, mvua ya milimita 10 ikinyesha, yaweza kutoa karibu lita 480, ukipunguza kidogo kinachomwagika. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati. Maji ya mvua yawekwe kwa ajili ya kufua nguo nyeupe, kupika mbaazi na maharage, na birika la chai. Maji ya kisima yafanye kazi nyingine.

Pili, birika lisiachwe na maji usiku kucha. Limwagwe, likauke. Kila wiki mbili au tatu, kabla jiwe halijawa nene, jaza maji, kamulia ndimu kadhaa au tia siki, chemsha, acha saa moja. Ukali wake huyeyusha chokaa, nawe utaona mapovu madogo yakipanda. Mwaga, suuza vizuri, chemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga. Lakini sufuria za alumini usiziache na siki kwa muda mrefu, maana zitaliwa. Wala usichanganye kamwe siki au ndimu na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Moshi wake huumiza mapafu na waweza kuua. Usiparue ndani ya birika kwa kisu.

Tatu, mbaazi na maharage yalowekwe usiku kucha, katika maji ya mvua yakiwapo. Magadi kidogo husaidia, kwa kuwa huiondoa chokaa katika maji. Lakini yakizidi huharibu ladha na kupoteza vitamini. Ncha ya kijiko yatosha.

Nne, betri za sola na za gari zisitiwe maji ya kisima wala ya bomba hata siku moja. Zitiwe maji ya betri yanayouzwa kwa kazi hiyo. Na mwenye injini ya kupozwa kwa maji atumie maji ya mvua, maana akiongeza maji magumu kila siku anaongeza mawe kila siku.

Dawa za kuua vijidudu na vitambaa vya kuchujia haviondoi ugumu. Atakayekuuzia kidonge cha kulainisha maji ya kunywa, muulize kwanza kimetengenezwa na nini.

Siku zijazo huenda mambo yakabadilika. Serikali ilianza mradi mkubwa wa kuchukua maji Nyangao kwa ajili ya vijiji vya Ruangwa na Nachingwea. Mahali maji mapya yanapofika, watu wayapime kwa chupa na sabuni kama tulivyofanya, wapate kujua wamepokea mgeni wa namna gani.

KURUDI NYUMBANI

Nalifika parokiani jioni. Mpishi alikuwa akichochea kuni, maana birika halikuwapo. Nalikwenda jikoni, si kumwita ofisini. Nalimwonyesha lile ganda jeupe ambalo fundi alinifungia katika karatasi, nikamwambia, "Baba, hili ndilo lililoua mabirika yote mawili. Wewe hukukosa. Nimekukosea mimi, naomba unisamehe." Alilishika ganda, akaligeuza geuza mbele ya moto. Akasema, "Nilijua kuna kitu chini. Nilikuwa nakisikia kinalia maji yakichemka. Lakini ungenisadiki, mwanangu, kama ningekuambia birika linalia?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa nisingemsadiki.

Usiku ule nalifungua daftari, nikapiga mstari katika lile deni, nikatia sahihi yangu kando yake ili Padre aone ni nani aliyekosa. Ganda lenyewe naliweka juu ya meza ya ofisi hata leo, lashika karatasi zisipeperuke. Kila mtu akija kunishtakia mtumishi, mke, mtoto au mkwe kwamba ameharibu kitu, kwanza nampa alishike mkononi. Kisha namwuliza kama ameyapima maji.